Hesabu ya Vumbi

Asubuhi nilipangusa. Saa sita mchana
Tumpe alikuwa ameandika T
kwa kidole, juu ya kabati,
na ikasomeka.

Septemba, Mafinga, mvua ni hadithi.
Ukungu wa Julai umesharudi kwao, kwenye chai,
na barabara ya viwandani inapitisha malori ya magogo,
kila moja likiburuta mkia wake mwekundu
mpaka sebuleni kwangu,
bila hodi.

Nililaumu malori. Nani asingelaumu?
Nikafunga madirisha, nikaziba kwa magunia
ule uwazi kati ya ukuta na bati.
Nyumba ikawa giza kama tumbo la chungu.
Vumbi likabaki pale pale,
na usiku mtoto anakohoa,
kifua chake kikipiga filimbi.

Nesi Chengula hakukimbilia kuandika dawa.
Aliuliza, "Unafagiaje?"
Nikamwonyesha hapo hapo, mkono hewani,
shwaa, shwaa, kama mke aliyekasirika.
Akacheka.
"Mama Tumpe, hufagii wewe, unaliamsha.
Linapanda, linazunguka, linakaa tena,
na njiani linapita
kwenye pua ya mwanao."

Basi nikalifuatilia kama mdai.
Nikainama na tochi ya simu chini ya kitanda:
nywele zangu za bandia;
manyoya ya lile blanketi zito
ambalo tangu harusi limeota jua mara mbili;
majivu ya jiko ninaloliingiza ndani tupate joto;
punje za ukuta usiopigwa lipu,
unaotema kila mlango ukibamizwa.
Na kitu laini, cha manjano hafifu,
chenye harufu ya msindano.

Harufu hiyo naijua.
Nalala nayo.

Lwitiko anasukuma mbao kwenye msumeno wa duara,
mwaka wa tisa huu.
Mshahara huuleta mwisho wa mwezi.
Unga wa mbao huuleta kila siku:
mifukoni, masikioni, kwenye mikunjo ya suruali,
nyusi zimekuwa za babu yake.
Alikuwa akifika anajitupa kwenye kochi,
na Tumpe anamrukia kifuani.

Usiku ule sikusema kitu.
Kesho yake nilipigilia msumari nje, chini ya upenu.
"Ovaroli italala hapa."
"Kwa baridi hii?"
"Kwa baridi hii."
Akavua, meno yakigongana, majirani wakichungulia,
akajipangusa kwa tambara bichi,
akaingia na kanga yangu kiunoni
kama bibi harusi aliyekimbia.
Tumpe alingoja mlangoni.
Kukumbatiwa kukachelewa dakika tano.
Ndiyo bei.

Sasa kizingitini kuna gunia lililoloweshwa,
na viatu haviruki mpaka.
Nanyunyiza maji kabla ufagio haujagusa sakafu.
Nafuta kabati kwanza, chini mwisho,
maana nimeshajua linakoangukia.
Jiko linapoa nje.
Jumamosi blanketi linachapwa uani, nami nimeupa upepo mgongo.
Pale mbele nilipanda ukoka;
kuku wa jirani wamekula nusu.

Halijaisha. Anayesema kwake limeisha
hajakung'uta pazia.
Lakini usiku nategesha sikio,
na filimbi ile siku hizi
inaruka siku tatu, nne.

Tumpe ndiye aliyenuna.
Kabati safi, aandike wapi?
Baba yake akaokota kipande cha ubao kiwandani,
akakipiga randa huko huko, sio kwangu,
akakipaka rangi nyeusi,
akamletea pamoja na chaki mbili.

Jana ameandika jina lote, herufi tano,
E ikiangalia nyuma.
Tukapiga makofi.
Naye, kwa fahari, akafuta kwa kiganja,
akapuliza, puu,
na jua la jioni likaingia dirishani
likatuonyesha sote watatu
tunachovuta.

Lwitiko akanitazama.
Nami nilikuwa nimeshainuka
kulitafuta tambara.